Maji Yasiyozama

Kilichoninyima usingizi msimu ule hakikuwa kitu ambacho ningeweza kumweleza mtu asinicheke. Yalikuwa ni maji kwenye mashimo. Nilikuwa nimepata kazi, kazi ya sare na chakula cha mchana, baada ya kukaa nyumbani Namswea na shahada yangu ya mazingira nikichuma kahawa na mama kana kwamba sijawahi kuondoka. Parokia nzima ilishajua kwamba nimeajiriwa hotelini. Na mimi, badala ya kulala kama mtu aliyejibiwa sala zake, nilikuwa nalikodolea macho paa la bati nikijiuliza kwa nini yale maji hayazami.

Nianze na mashimo yenyewe. Kwetu Umatengoni milima ni mikali na mvua ikinyesha inanyesha kweli, kwa hiyo watu wetu hulima ngoro. Masika yanapoelekea mwisho wanaume hufyeka majani, majani yakalazwa chini kwa mistari inayokatizana mpaka mlima wote unakuwa na miraba kama neti. Kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuufukia udongo juu ya yale majani. Unabaki na shimo lenye kingo pande zote, na juu ya kingo unapanda maharage. Mvua ikinyesha, maji huingia shimoni na kuzama taratibu, udongo ukabaki mahali pake. Hatufundishwi jambo hili. Mama alinibeba mgongoni akichimba, na nilipojua kutembea nikawa naruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine huku nikifukuzwa nisiubomoe.

Hoteli iko kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, mbele kidogo ya Liuli, juu ya rasi ya mawe makubwa. Sitaitaja jina. Nilipofika mara ya kwanza nilibaki nimesimama na begi mkononi kama mtu aliyepotea. Umeme ulikuwa wa jua. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye chupa za vioo, na maji ya kuogea yalikwenda kunywesha migomba. Boti za injini hazikuruhusiwa kuingia kwenye ghuba ambako samaki wadogo wa rangirangi huzaliana. Mapokezi kulikuwa na sanduku la mninga, limepigwa msasa likang'aa, na mgeni aliombwa aiache plastiki yake humo kabla hajaonyeshwa chumba. Niliwaza, kumbe yale tuliyokuwa tukiyaandika kwenye mitihani yapo duniani, na yapo wilaya ya jirani na kwetu.

Upande wa rasi unaotazama kijiji kulikuwa na mteremko, na kwenye mteremko huo ndiko ilikokuwa fahari ya hoteli: bustani ya ngoro. Mashimo yalipangwa safu juu ya safu, kingo zimepandwa maua na mchaichai, na ndani ya kila shimo maji yametulia, mayungiyungi yameelea juu yake. Kazi yangu ilikuwa kuwapeleka wageni pale kila wakimaliza kifungua kinywa, kuwaeleza jinsi watu wa Mbinga wanavyohifadhi udongo, kisha kuwakaribisha kahawa ya kwetu kwenye jukwaa la mbao. Waliniita Mtaalamu. Nilijinyoosha kila nilipoitwa.

Lakini kilikuwa kiangazi. Vumbi la barabarani lilikuwa linafika vifundoni, na mashimo yalikuwa yamejaa maji.

Mimi ni mtu ambaye kabla ya kuuliza swali huandaa kwanza majibu yote ninayoweza kupewa, na aibu ya kila jibu. Nilijiambia huenda huku kuna mfinyanzi. Nikachukua udongo wa njiani, nikausugua viganjani: mchanga mtupu. Nikajiambia huenda kuna chemchemi. Nikaona hapana, chemchemi ingeonekana chini. Mwishowe nilimuuliza mkuu wa bustani, naye ni Mmatengo kama mimi, rika la wadogo zake baba, ndiyo maana nilimwita Baba Mdogo.

"Baba Mdogo, haya maji yanakaaje kiangazi hiki?"

"Tunamwagilia," alisema, na kuendelea kukata mchaichai.

Lilikuwa jibu la kweli. Pampu ya jua ilivuta maji ziwani jioni, nilikuwa naiona. Nilikwenda kulala nalo, na katikati ya kulala nikakumbuka kwamba kumwagilia kunaeleza maji yanatoka wapi, hakuelezi kwa nini hayaendi.

Nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwa mama mmoja mjane, kwa sababu vyumba vya wafanyakazi vilikuwa vimejaa. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya ule mteremko, jiko likiwa limekaribia kugusa mlima, na mbele, kuelekea ziwani, vichanja vyake vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa lile. Alikuwa na utani usioisha na sisi watu wa juu.

"Mmatengo, umelala?"

"Nimelala, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Muongo wewe. Nimekusikia unavyogeuka, kitanda kinalia kama mtumbwi mbovu."

"Mawazo tu, mama."

"Mawazo ya nani? Kama ni mwanamke, mlete tumwone. Kama ni yale mashimo, yaache kulekule mlimani, chumba changu kidogo."

Asubuhi moja yalidondoka manyunyu ya mapema, nasi tukakimbilia vichanjani. Alifunika usipa kwa mikeka. Maji yakapenya, samaki wakalowa, akabaki anawageuzageuza huku anasonya. Nilimuuliza kwa nini hana nailoni, maana kwetu kahawa ikiwa kichanjani nailoni haikai mbali. Kazi yangu ya utoto ilikuwa hiyo: wingu likitokea, kukimbia kufunika kahawa.

Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Nailoni! Kaulize huko kwako hotelini."

Ndipo aliponisimulia. Kabla sijafika, hoteli ilifanya siku ya kusafisha ufuko. Walikuja na fulana za bure na spika. Waliwaambia kina mama kwamba nailoni ni sumu kwa ziwa, kwamba vipande vyake vinaingia matumboni mwa samaki, na mimi nikiwa namsikiliza nilikubali kwa kichwa, kwa sababu ni kweli. Wakazikusanya zote, nailoni za kina mama wote wa vichanjani, wakasema lori litazipeleka kiwandani zikayeyushwe zitengenezwe vitu vingine. Kila mmoja akapewa mkeka.

"Mkeka mzuri, sikatai, naukalia," alisema. "Lakini nailoni yangu niliinunua Mbinga, siku niliyouza usipa gunia zima. Mbuzi akaipasua, nikaishona kwa uzi wa nyavu, ule wa bluu, fundo kwa fundo kama navyoshona wavu. Marehemu akasema, mwanamke huyu nikimwacha atashona mpaka ziwa." Akausukuma usipa ulioanza kunata. "Basi sasa hivi ni ndoo mahali fulani."

"Au kiti," nilisema. "Wanatengeneza viti pia."

"Basi yangu iwe kiti. Nimechoka kusimama."

Siku niliyoujua ukweli ilikuwa siku ya kawaida, na wageni walikuwa wachache: wanandoa wazee wa Kizungu, na vijana wawili waliokuwa wanapiga picha kila kitu hadi kijiko. Yule mzee alikuwa mdadisi. Aliniuliza, hayo majani mnayoyafukia yanakuwaje? Swali lilinifurahisha. Kwetu, ukiwa mtoto ukauliza hivyo, hujibiwi kwa maneno. Mtu anaingiza mkono na kukutolea yale majani yaliyooza, meusi, yana joto, ukayanusa. Nikapandisha mkono wa sare, nikapiga magoti ukingoni, nikaupitisha mkono chini ya mayungiyungi, ndani ya tope.

Vidole vyangu viliijua kabla yangu. Kitu laini, baridi, kinachoteleza, chenye mkunjo. Mtu aliyekua akifunika kahawa haisahau nailoni iliyolowa. Kwa sekunde niliwaza ni kipande kilichopeperushwa na upepo, nikakivuta ili nikiondoe. Hakikutoka. Nikavuta tena, kikaja, kikaendelea kuja, kikiinua tope na mizizi ya mayungiyungi, mpaka pembe nzima ikatokea juu ya maji, nyeusi, kubwa kama shuka. Maji yakaanza kutoroka pembeni, na ndani ya muda mfupi mchanga ulikuwa umeyanywa.

Kwenye pembe niliyoishika kulikuwa na mpasuko ulioshonwa. Uzi wa nyavu. Wa bluu. Fundo kwa fundo.

Kijana mmoja alishusha kamera yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu asubuhi. Kisha yule bibi mzungu akauliza, kwa upole kabisa, bila kejeli: "Na hii nayo ni ya asili?"

Nilijibu nini sikumbuki vizuri. Nadhani nilisema kahawa iko tayari.

Nilimkuta Baba Mdogo kwenye banda la zana akila muhogo wa kuchemsha. Mkono wangu ulikuwa bado na tope hadi kiwiko.

"Baba Mdogo, kwenye ngoro kuna nailoni."

"Ipo."

"Ipo?"

"Sasa wewe ulidhani maji yanakaa kwa sala?" Alinisogezea sahani. "Kula muhogo. Umepauka."

Nilishindwa kukaa. Nilimuuliza kama ni shimo lile tu. Alisema kila shimo. Aliniambia bila kuficha, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika wali. Walipochimba, udongo wa huku ukawa unameza maji yote, kama nilivyoona mwenyewe, na mashimo yakawa makavu. Meneja akasema wageni hawataki kupiga picha mashimo makavu, anataka maua ya majini. Wafanyakazi wa huku ziwani wakaanza kumcheka. "Waliniambia, Wamatengo mmetoka mbali kuja kutuchimbia makaburi ya kuku. Ningevumilia mpaka lini? Na stoo imejaa nailoni za kijijini. Lori halikuja. Kiwanda chenyewe kiko huko Dar es Salaam, nani atalipa mafuta? Nikazitandika. Na nyie wasomi mnasemaje? Kutumia tena. Nimetumia tena."

Nilitoka pale nikiwa nimeshtuka mara mbili, kwa nailoni na kwa hoja. Nusu ya siku nzima nilizunguka na hoja ile kichwani. Je, kama ana haki? Nailoni haiko ziwani. Haijachomwa. Inafanya kazi. Ningeweza kuitetea hata mbele ya mwalimu wangu wa chuo. Kilichokataa kunyamaza ni kitu kidogo: kama ni jambo jema, kwa nini limefukiwa?

Kwa meneja nilikwenda na hotuba niliyoifanyia mazoezi chooni. Ni mtu mstaarabu, hajawahi kumfokea mfanyakazi, na hata siku ile alinimiminia juisi ya ukwaju kabla sijafungua mdomo. Nilipomaliza alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nilidhani unajua."

"Ningejuaje, bosi?"

"Wewe ndiye mtaalamu. Unapita pale kila asubuhi. Unaeleza vizuri mno, maji yanavyozama taratibu, ile sehemu ya mama yako kukubeba mgongoni. Hapa tunakusifia kila siku. Jikoni wanasema, yule kijana ana kipaji."

Sijawahi kupigwa kibao ukubwani, lakini nadhani ndivyo kinavyokuwa. Hoteli nzima, kuanzia wapishi hadi walinzi, ilikuwa inajua, na ilikuwa imenisikiliza miezi yote ile ikidhani najua. Yale niliyoyasema kwa kumaanisha, wenzangu waliyapokea kama uongo uliotengenezwa na fundi. Na hawakunidharau. Walinipenda kwa hilo. Katika jengo lile lenye sanduku la mninga mlangoni, mtu pekee aliyekuwa ameshtuka ni mimi.

"Wakaguzi wa cheti cha utalii wa kijani wanakuja wiki ijayo," meneja alisema. "Wakishaondoka tutazitoa, nakuahidi. Ukifukua sasa utawaonyesha tope."

Nikasema sawa. Neno hilo hunitoka kabla sijafikiri, nalo ndilo pekee.

Kisha mvua zikaanza. Si manyunyu. Wingu lilisimama juu ya ziwa mchana, likatembea kuja kwetu, na mvua iliposhuka hatukuonana kichanja na kichanja. Ilipokatika nilipanda mteremkoni nikiwa nimelowa.

Kila shimo, hata lile nililolifukua likatandikwa upya, lilikuwa limejaa hadi mdomoni na linamwagika. Maji ambayo kwetu yangezama kidogo huku na kidogo kule, hapa yalikuwa yanashuka kutoka shimo la juu hadi la chini, yakikusanyika, mpaka kwenye safu ya mwisho yanatoka kwa kishindo mahali pamoja kama yamefunguliwa bomba. Na juu kidogo ya safu ile ya mwisho, ardhini, kulikuwa na ufa. Ulikatiza mteremko kutoka mwamba hadi mwamba. Niliingiza kiganja, kikaingia chote. Nilisimama pale, mkono ukiwa ndani ya mlima, nikatazama chini nilikokuwa naona kati ya miguu yangu bati la jiko la mama mwenye nyumba, na moshi wake unatoka, maana alikuwa anapika.

Tope lilikuwa limeshafika kwenye ukuta wa jiko. Miguu ya kichanja kimoja ilikuwa inaning'inia hewani.

Meneja alikuja na mwavuli, akauona ufa. Alisema fundi wa ujenzi atatoka Songea wakaguzi wakishaondoka, na kwa sasa tuweke viroba vya mchanga. Vikawekwa mteremkoni, juu ya jiko. Viroba vyenyewe vya plastiki. Vikafunikwa majani ili visionekane, na nilipoona mtu anavipangia majani kwa uangalifu, jani kwa jani, nilitaka kucheka.

Mwenyekiti wa kijiji nilimfuata nyumbani kwake, nikaambiwa yuko Mbamba Bay kwenye kikao. Nikarudi kwa mama mwenye nyumba, nikamwambia ahamie kwa dada yake kwa siku chache.

"Nihame?" Alikuwa anafagia tope kwa ubao. "Nimemzika mume wangu hapo nyuma, ninyi mmeleta maua, na wa kuhama ni mimi?"

"Mama, mlima umepasuka."

"Nimeuona. Mimi ndiye ninayekaa chini yake." Akaendelea kufagia. "Na usipa niupeleke wapi? Kwa dada yangu kuna paka kuliko watu."

"Ni hatari, mama. Nakwambia kwa kusoma kwangu kote."

"Basi kwa kusoma kwako kote, uambie mlima uhame."

Nilimwambia pia, hatimaye, kuhusu nailoni yake. Nilikuwa nimeogopa kumwambia. Aliacha kufagia. Nilidhani atapiga kelele, au atalia. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeulizia jamaa aliyepotea siku nyingi: "Uzi umeshika?"

"Umeshika, mama. Fundo zote."

Asubuhi iliyofuata nilikaa kwenye kizingiti, chai ikipoa mkononi. Ilikuwa siku ya wakaguzi kufika, mchana. Juu ya ziwa wingu lilikuwa limeshaanza kutanda. Nilifikiri kila kitu, kama kawaida yangu. Nikipanda na panga nikazichana zile nailoni, maji yote yatazama kwa mkupuo mmoja kwenye mlima uliopasuka, na nitakuwa nimemuua mama mwenye nyumba kwa mkono wangu. Nisipozigusa, mvua ya leo itaongeza uzito juu ya uzito. Mvua isiponyesha, nitakuwa kijana aliyeharibu bustani ya watu kwa wazimu. Nikifukuzwa, mama yangu atasimamishwa nje ya kanisa Jumapili na kuulizwa, vipi, mwanao karudi likizo? Niliyaona haya yote kwa wakati mmoja, na kwa mara ya kwanza niligundua kwamba katika yote hayo ni moja tu lililokuwa na mtu ndani yake, na mtu huyo alikuwa nyuma yangu anachochea kuni.

Maji yalipaswa kutoka kabla ya nailoni. Kuchotwa, kwa mikono, na kumwagwa upande wa mawe yanakoweza kushuka ziwani bila kugusa udongo.

"Mama, naomba beseni."

"La nini?"

"La kuchotea maji. Kule juu."

Alinitazama. Alilikung'uta magamba ya usipa, akanipa.

Nilianza safu ya chini, shimo lililo juu tu ya jiko lake. Nilichota, nikabeba hadi mawe, nikamwaga, nikarudi. Mayungiyungi yalilala kwenye tope. Haikupita muda kina mama wa vichanjani wakaniona.

"Jamani, Mmatengo anaoga mlimani!"

"Shemeji, kwenu ngoro si wanachimba wanawake? Wanaume si mnafyeka tu?"

"Huyu ametumwa na mama yake!"

"Acheni kelele, njooni na mabeseni," mama mwenye nyumba aliwajibu, na alikuwa tayari anapanda, kanga imefungwa kiunoni. "Nailoni zenu ziko humu."

Mara nikasikia mabeseni yanagongana. Walijipanga mstari kutoka mashimoni hadi kwenye mawe, beseni likawa linapita mkono kwa mkono. Tulipolimaliza shimo la kwanza, nailoni ikatoka kwa urahisi. Haikuwa ya mama mwenye nyumba. Mwanamke mmoja akaivuta kutoka mikononi mwangu, akaigeuza, akapiga ukelele.

"Hii yangu! Lile tundu la sigara ya shemeji yako hili hapa!"

"Tundu la sigara kila mtu analo, dada. Yangu nayo ilikuwa na tundu."

"Yako ilikuwa na tundu la moto, ulikuwa unaivaa ukipika?"

Walicheka hadi mstari ukakatika, na huku wanacheka walikuwa wamekasirika, niliona kwa jinsi walivyokuwa wanazikunja, kwa nguvu, kama wanakamua nguo. Juu, kwenye baraza la hoteli, wageni walikuwa wameacha mayai yao na kusimama. Baba Mdogo alikuja mbio.

"Mwanangu, unaniaibisha mbele ya Wanyasa!"

"Baba Mdogo, njoo uone ufa."

Hakuja kuuona. Alisimama akitazama mayungiyungi aliyoyapanda mwenyewe, kisha akageuka akapanda kwenda kumwita meneja. Nilimwonea huruma. Lakini mikono yangu haikusimama, na hilo lilinishangaza, maana kwa kawaida huruma hunisimamisha kabisa.

Nailoni yenye uzi wa bluu ilikuwa safu ya pili. Niliitoa mwenyewe, nikamkabidhi. Mama mwenye nyumba alipitisha kidole kwenye mshono, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anahesabu kitu, kisha akaiweka begani na kupokea beseni lililofuata.

Meneja alifika viatu vikiwa vimeshika tope. Alitazama safu mbili za mashimo yaliyo wazi, makavu, mabaya kuyatazama. Akawatazama kina mama.

"Unajua unachofanya?" aliniuliza. Hakufoka. "Wakaguzi wako njiani."

Siku nyingine ningekuwa na majibu mengi, na woga kwa kila moja.

"Nachota maji, bosi. Wakifika nitawaleta hapa mwenyewe, kama ninavyowaleta wote. Nitawaeleza kila kitu. Hiki nilichokuwa nakieleza, na hiki."

"Na kazi yako?"

"Sijui," nilisema, na ilikuwa kweli.

Tone la kwanza lilinidondokea shingoni. Kina mama walilisikia pia. Waliangua mayowe, wakaanza kushuka mteremko wakiteleza, kila mmoja na nailoni yake, na hapo mbele ya baraza la wageni, mbele ya meneja na mwavuli wake uliofungwa, wakazitandaza juu ya usipa, kichanja baada ya kichanja, nyeusi, zikipigwa na upepo, wakaziwekea mawe pembeni. Juu ya bati la jiko safu mbili za mashimo zilikuwa tupu, na mvua iliyoingia humo ilikuwa inazama.

Nikalichukua beseni nikapanda safu ya tatu.